Kabla ya kuuliza mpaka uko wapi, uliza ngamia wameenda wapi

Nimefanya kazi ya amani kwa muda huku Modogashe, kaskazini mwa Kenya, pale kaunti za Isiolo na Garissa zinavutana juu ya mpaka na Waborana na Wasomali wanachunga na kunywesha mifugo palepale. Vijana wanaoanza kazi hii swali lao la kwanza ni mpaka uko wapi. Hilo liacheni kwanza jamani. Ukilifungua barazani siku imeisha, kila mzee ana babu yake aliyechimba kisima hapo.

Ulizeni hivi: ngamia wakiibiwa leo usiku, kukicha nani anampigia nani simu? Maana mara nyingi fujo inaanza na wizi ambao haukufuatwa, vijana wanakaa wanaona hakuna mtu anashughulika, wanabeba bunduki wakarudishe wenyewe, na akishauawa mmoja hapo si wizi tena, ni kabila na kabila. Kwa hiyo nyayo zifuatwe mapema na zifuatwe na watu wa pande zote mbili, zikishaingia kwa wengine basi wenyeji ndio watangulie mbele, kwa sababu wageni wenye hasira wakiingia kwenye maboma ya watu hayo ni mengine.

Halafu mkikubaliana, andikeni fidia. Azimio la Modogashe la 2001, yaani mapatano ya amani ya jamii za huku, lilisema wazi, mwanamume akiuawa fidia ni ng'ombe au ngamia 100, mwanamke 50. Hiyo nusu ya mwanamke mimi siipendi hata kidogo na wazee wanajua, lakini uzuri wa fidia ni kwamba ukoo mzima unachangia, sasa baba ana sababu ya kumshika kijana wake kabla hajatoka usiku. Isipolipwa lakini, heri msingeandika.

Na kina mama msiwaite kuja kupika chai tu. Wajir miaka ya 90, koo zikipigana, mama mpigania amani Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa, wakaweka wenzao wa kuangalia, ndipo wakawafuata wazee, na 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, mapatano ya amani kati ya koo hizo.

Semina za hoteli ukiitwa nenda, posho si dhambi. Ila namba za simu chukua za wachungaji, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya amani saa hizo za usiku amelala mjini na simu kazima.