Jibu: Umekwama kwenye The Godfather baada ya Michael kumpiga risasi Sollozzo

Habari mkuu. Umesema sehemu ya kwanza ya riwaya hii ya Mario Puzo kuhusu familia ya mafia ya Corleone uliimeza kwa siku mbili, kisha Michael, mwana wa mkuu wa familia, alipowaua Sollozzo, muuza dawa za kulevya, na kapteni wa polisi McCluskey mgahawani, hadithi ikahamia kwa mwimbaji Johnny Fontane na hamu ikakuisha. Nami nilinasa hapo hapo, kitabu kikalala kabatini miezi.

Kwanza angalia uko sehemu ya ngapi. Kama ni ya pili, iruke yote uende ya tatu, kwa Vito, baba yake Michael, akiwa kijana New York, anavyogeuka kuwa Don, yaani mkuu wa familia. Hapo Puzo anaandika kwa moyo wote. Hata mwongozaji Coppola kwenye filamu ya 1972 alimpunguza sana Fontane, na ujana huo wa Vito ukaja kubeba filamu ya 1974.

Baadaye utamkuta Lucy Mancini, aliyekuwa mpenzi wa Sonny, kaka yake Michael, na daktari wake Las Vegas. Mpite. Inaniuma, maana wazo la kuonyesha mkono wa familia ukifika mpaka Hollywood na kwenye kamari ni kubwa, ila kurasa zile zinasimulia tu, hazikuweki ndani ya chumba.

Ila Don anapomfunulia Bonasera, mtayarishaji wa maiti, mwili wa mwanawe Sonny na kumwomba amtengeneze ili mama yake asimwone vile, usiruke hata mstari.