Maswali na Majibu: Kivuli cha saa sita kimekataa kuelekea kaskazini

SWALI: Ninafundisha Jiografia darasa la tano katika shule ndogo karibu na Tukuyu, Rungwe. Hatuna dira wala ramani ya ukutani. Mwezi Juni nilisimamisha fimbo ya mita moja uwanjani ili watoto waijue kaskazini. Maelezo niliyokuwa nayo yanasema saa sita kamili mchana kivuli huwa kifupi kuliko vyote na huelekea kaskazini. Chetu kililala kusini, tena kimeegemea magharibi, na kikaendelea kufupika hata saa sita na nusu ilipopita. Watoto wananiuliza, nami sina jibu. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hamjakosea popote. Watoto wako wamepima sawasawa, na ningependa uwaambie hivyo mbele ya darasa zima kabla ya kueleza lolote. Kilichowaangusha ni maelezo yaliyoandikwa bila kuangalia msomaji yuko wapi.

Tuanze na upande wa kivuli. Tukuyu iko nyuzi 9 na robo hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la utosi liko mbali kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa (mstari wa nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa Ikweta), kwa hiyo kwenu jua la mchana linakaa upande wa kaskazini na kivuli kinaangukia kusini. Fimbo yenu ya mita moja, kivuli chake kikifikia ufupi wake wa mwisho tarehe 21 Juni, hutoa kama sentimita 64. Desemba jua limehamia kusini, kivuli kinageuka na kuelekea kaskazini, na hapo ni kama sentimita 25 tu. Hugeuka mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua linapopita juu ya utosi wa Rungwe.

Sasa saa. Saa tunayotumia Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo haigusi Tanzania kabisa; inapita Somalia, karibu na Mogadishu. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Tukuyu iko kwenye nyuzi 33 na theluthi mbili hivi Mashariki, pungufu ya 45 kwa nyuzi 11 na kidogo, na hesabu hiyo inaleta dakika 45. Ndiyo maana saa sita kamili jua lilikuwa bado upande wa mashariki na kivuli kimeegemea magharibi, na ndiyo maana mwezi Juni kivuli kifupi kabisa mtakipata saa 6:45 hivi. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza, na akiifanya mwenyewe hataisahau. Kama una wanafunzi Waislamu, waombe walete ratiba ya swala: adhuhuri ya Mbeya hufuata ile ya Dar es Salaam kwa dakika kama 23, kwa sababu hiyo hiyo. Na wale wanaotoka nyumbani gizani mwezi Juni wanalijua jambo hili kwa miguu yao, maana jua la kwenu huchomoza karibu na saa moja asubuhi.

Kwa kutafuta kaskazini, achana na saa. Chagua mahali tambarare uwanjani, simamisha fimbo, na uhakikishe imenyooka kwa timazi ya uzi na jiwe. Fimbo ikiinama hata kidogo kazi yote imeharibika, hapo usiwe na haraka. Asubuhi, kwenye saa 4:45, weka alama pale ncha ya kivuli inapoishia. Funga kamba kwenye shina la fimbo, ivute mpaka kwenye alama hiyo, kisha zungusha duara kwa majivu. Kivuli kitajivuta ndani ya duara mchana, halafu kitarefuka tena, na kwenye saa 8:45 ncha itaugusa mstari upande wa pili. Watoto wawili wakae zamu kuanzia saa 8:30, kwa sababu kitendo chenyewe ni cha dakika chache. Weka alama ya pili. Nyosha kamba kati ya alama mbili, ikunje katikati, nawe umepata nusu. Mstari wa kutoka kwenye fimbo kupita kwenye nusu hiyo ni wa kaskazini na kusini. Ule wa alama hadi alama ni wa magharibi na mashariki, alama ya asubuhi ikiwa magharibi. Njia hii inafaa karibu mwaka mzima, isipokuwa siku ambazo jua liko utosini, ingawa saa ya alama ya pili hubadilika kidogo kwa miezi, mradi ukungu usiwanyime jua nyakati hizo mbili. Darasa likiwa kubwa, kila kundi liwe na fimbo yake, na mistari ya makundi ilinganishwe.

Simu yenye dira inaweza kusaidia kuhakiki, ila isogezwe mbali na mlingoti wa chuma na nondo. Mimi naona mnao uhakiki bora zaidi: ukiwa Tukuyu, Mlima Rungwe uko karibu kaskazini kabisa, na Ziwa Nyasa liko kusini-mashariki. Kijiji chenu kikiwa pembeni mwa mji, pembe itabadilika kidogo, na hilo nalo ni somo. Kisha chimbia mawe manne kwenye ncha za mistari, yapakwe chokaa, na kila ramani ya shule watakayochora kwa kuhesabu hatua ianzie hapo. Alama ya kaskazini wataiweka wakijua imetoka wapi.

Rudieni kipimo tarehe 17 Oktoba. Saa sita na nusu hivi fimbo itakuwa karibu haina kivuli. Itakuwa mapema kuliko Juni, kwa sababu mwendo wa Dunia kulizunguka Jua haulingani mwaka mzima na mhimili wake umeinama; darasa la tano wakitambua tofauti hiyo tu, inatosha.