Laki tatu yangu iliyoishia kwenye maiki (na bati la Gungu)

Kila mara kuna dogo anayetaka kurekodi nyimbo nyumbani ananitumia picha ya maiki ya rangi ya dhahabu WhatsApp, "bro hii inafaa?" na mi kabla sijajibu namuuliza, chumba chako kina dari au bati tupu? Wanaona nazingua. Ila swali ndo hilo aisee, ningeulizwa hivyo mapema nisingechoma hela yangu.

Nilikua na laki 3. Nyingi ilitoka kwenye dagaa, nilikua nachukua Kibirizi, hapa Kigoma, natuma Tabora kwa basi, faida nadunduliza kidogo kidogo. Nikaagiza Kariakoo ile maiki ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo) BM-800, inakuja na mkono wake wa kubana mezani na sponji, kwa macho nzuri kweli kweli. Nikachomeka kwenye laptopu kwa ule waya wake, nikaimba, nikasikiliza, sauti iko mbali kama mtu anaimbia kisimani halafu juu yake kuna shhhh kama samaki wanakaangwa. Nikampigia muuzaji nikamshushia maneno makali, masikini ya Mungu hakuwa na kosa lolote. Kumbe kondensa kwa kawaida inataka umeme wake, volti 48, na huo unapita humohumo kwenye waya wa XLR (ule wa pini tatu) kutoka kwenye saundi kadi ya nje, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu. Tundu la laptopu linatoa volti chache tu, kwahiyo maiki inafanya kazi nusu nusu na wewe unaongeza sauti mpaka ule mlio wa shhhh unapanda nayo.

Basi ikabidi nitafute saundi kadi, na hela ishakatika. Nikakaa miezi kama mitatu hivi maiki inapigwa vumbi, mpaka jamaa mmoja aliyekua anahama akaniachia Behringer UM2 yake iliyotumika. Ni ya bei ya chini kabisa, ina tundu moja la maiki, moja la gitaa na kitufe cha hizo volti 48, na kwa anayeanza inatosha, asikudanganye mtu. Ukiwa na hela zaidi Focusrite Scarlett Solo ni safi zaidi, ila mi sijawahi kukutana na msikilizaji aliyezima wimbo kwa sababu saundi kadi ilikua ya bei rahisi.

Sasa ndo maiki ikaanza kusikia, na ikasikia kila kitu. Jogoo wa jirani, bodaboda zinapanda mlima, shangazi anatwanga kisamvu uani. Siku moja nimeshika ubeti wa kwanza vizuri mvua ikashuka, bati la chumba changu hapa Gungu halina dari, yani kwenye rekodi sauti yangu haipo kabisa, ni kama nimerekodi ngoma mia. Na huku Kigoma mvua zikishaanza, Novemba hivi, mpaka Aprili hakuna mtu wa kukuhurumia.

Ndo maana nawaambia kama chumba chako ni kama changu chukua dainamiki, ile aina nyingine ya maiki inayotumika sana majukwaani. Behringer XM8500 ni rahisi sana na inafanya kazi. Haitaji zile volti 48. Watu husema dainamiki haisikii makelele, si kweli sana, ukiiweka mbali ukaipandisha gein (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) itasikia tu, mchezo ni kwamba hii unaisogelea, vidole vitatu vinne toka mdomoni, sauti yako inakua kubwa kuliko ya jogoo na gein unaiacha chini.

Kuna wanaotaka Shure SM58 tu, nayo ni dainamiki, kwa sababu wameiona kwenye majukwaa. Maiki nzuri mno, ipo sokoni tangu 1966, tatizo ni feki zimejaa. Nilienda kuangalia moja Mwanga, hapahapa Kigoma, bei ilikua tamu kupita kiasi nikashtuka, nikamwomba muuzaji niende nayo duka la jirani kwa mama mwenye mizani ya kidijitali. Original ni kama gramu 300 bila waya, ile ikasoma 212. Mama ananiuliza, "Mwanangu, sasa na hiyo nayo mnauza kwa kilo?" Nikairudisha kimya kimya. Uzito peke yake sio ushahidi wote maana kuna feki nzito pia, ila nyepesi hivyo usipoteze muda.

Hedifoni sasa. Hapa usibane sana, bora ubane kwenye maiki. Chukua zinazofunika sikio lote, zisizovujisha, maana biti (muziki unaouimbia) ikivuja inaingia kwenye maiki na huitoi tena. Zile zenye besi ya kutetemesha fuvu achana nazo, utapunguza besi kwenye miksi ukidhani imezidi, ukienda kupiga kwenye spika ya mtu wimbo umekonda. Mi nikimaliza nasikiliza kwenye simu, kwenye redio ya shangazi, halafu naomba bajaji ya mshkaji.

Chumba nilitengeneza bila hela. Godoro limesimamishwa nyuma yangu, blanketi nzito mbili pembeni, nguo zote zimening'inia kwenye kona. Trei za mayai sahau, nilibandika ukuta mzima, zinapunguza mlio kidogo wa juu tu na mende wakahamia. Kile kichujio cha kuzuia "p" na "b" zisipige maiki nilitengeneza kwa henga ya waya na soksi ndefu ya kike, shangazi hajajua mpaka leo.

Programu usinunue kwanza. Audacity ni bure, simu yenye BandLab ni bure, Reaper wanakupa siku 60 za kujaribu halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Zile za kukreki kwenye flashi za watu ziliniletea virusi nikapoteza nyimbo nne, sitaki kulizungumzia.

Mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia: ukisikia mlio wa mmmm usioisha chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri, kwangu ulikata palepale (na umeme ukikatika haukukwamishi katikati ya ubeti). Kwenye mipangilio ya programu weka ubora wa bit 24 (kama saundi kadi yako inaukubali) na 44.1 kHz, na sauti yako ipige kama desibeli -12 hivi kwenye mita, usikimbilie nyekundu, ikishapasuka imepasuka. Ukijisikia unachelewa kwenye hedifoni shusha bafa (kipimo cha kusubiri kwenye mipangilio ya programu) mpaka 128, laptopu ikianza kukwama irudishe 256.

Mwenye chini ya laki asisubiri, simu, hedifoni nzuri na blanketi, anza leo.

Mi sa hivi narekodi saa kumi alfajiri, bodaboda hazijaamka. Jogoo ndo nimeshindwana naye, yupo kwenye ubeti wa pili wa wimbo wangu wa mwisho, ukivaa hedifoni unamsikia kabisa upande wa kushoto.