Sabuni ya kwanza ya kunyolea ndevu kwa brashi: anza na maji yako

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: uanze na sabuni ipi, kama kuna haja ya kununua za bei mbaya, na kwa nini hiyo ya kopo uliyoagiza haitoi povu wakati kwenye video inaumuka kama unga wa maandazi. Umesema pia uko Mbagala, unatumia maji ya kisima, ndevu zako ni za kujikunja na shingo imejaa vipele. Huu ni mwaka wangu wa tisa nanyoa kwa brashi na wembe wa kawaida, na ndevu zangu ni za aina hiyohiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Naanza na maji, kwa sababu ndiyo yaliyonilia pesa.

Mimi naishi Kigamboni. Mwaka wa kwanza nilinunua sabuni nne, moja baada ya nyingine, kila moja nikiamini ndiyo itakayokuwa dawa. Zote zilifanya kitu kilekile. Nazungusha brashi, povu linainuka kidogo, napaka shavu la kulia, nikifika la kushoto lile la kulia limeshakufa. Panabaki maji meupe na utando fulani wa kunatanata ambao wembe unausukuma tu. Nikajua mkono wangu ni mbovu, au nimeuziwa feki. Kisha ikaja masika, umeme ukakatika siku mbili, pampu haivuti, nikachota maji kwenye ndoo iliyokuwa imekaa chini ya bati. Sabuni ileile, brashi ileile. Povu likajaa mkononi, likawa zito, linang'aa, na nilipomaliza kunyoa lile la kidevuni lilikuwa bado limesimama vilevile.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Muheza, na kila asubuhi alinyoa uani akiwa na kioo kidogo na kikombe cha bati. Maji alichota kwenye pipa la mvua, hata pale kisima kilipokuwa hatua chache tu. Sisi watoto tulidhani ni mazoea ya kiutu uzima. Kumbe mzee alikuwa anajua anachokifanya, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Maji ya visima vingi vya Dar yana madini ya kalisi na magnesi, na mengine yana chumvi ya kuonja kabisa. Sabuni ikikutana na kalisi haiyeyuki, inashikana nayo na kuwa ule utando mweupe unaouona kwenye beseni na kwenye vigae vya bafuni. Kila chembe iliyogeuka utando ni chembe iliyotolewa kwenye povu lako. Ndiyo maana unasugua na kusugua, unaongeza sabuni, na bado hupati kitu. Sabuni ya unga haikuonyeshi tatizo hili kwa sababu ndani yake wameweka kemikali za kupambana na hayo maji. Sabuni ya kunyolea ya asili haina msaada mwingi wa hivyo, ingawa kuna watengenezaji wanaotia kidogo. Ukiona EDTA kwenye orodha ya viungo, ndiyo kazi yake.

Fanya jaribio hili kabla hujatoa hata shilingi. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, moja weka maji ya kisima hadi robo, nyingine maji ya mvua au maji ya kunywa ya dukani kiasi hichohicho. Kwangua sabuni yako kwa kisu, vipande vidogo kama punje mbili za mchele, tia kila chupa, funga, tikisa mara ishirini kisha ziache zitulie. Yangu ya mvua ilijaa povu hadi shingoni na maji chini yakabaki maangavu, karibu unaona upande wa pili. Ya kisima ilitoa vipovu vikubwa vilivyopasuka kabla sijafika sebuleni, na maji yakawa kama ya kuoshea mchele, yana vipande vinavyoelea. Ukishaona kwa macho yako hutabishana tena na sabuni.

Suluhisho halina gharama. Kunyoa kunahitaji kikombe kimoja cha maji laini, yaani yasiyo na madini hayo kwa wingi, kama ya mvua: ya kulowekea brashi, kulowanisha ndevu na kukorogea povu. Kusuuza uso mwishoni unaweza kutumia ya kisima. Mimi nina dumu la lita kumi la maji ya mvua, nalifunga vizuri mbu wasizaliane, na linanitosha muda mrefu. Kiangazi nanunua maji ya chupa kubwa. Kuchemsha maji ya kisima kunasaidia kama ugumu wake ni ule unaoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kama ni maji ya chumvi, utachemsha hadi kesho na hutaona tofauti.

Sasa sabuni.

Mtu anayeanza namshauri sabuni ya kijiti, ile unayosugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa halafu unaamsha povu kwa brashi usoni. Mimi nilitulia nilipopata Arko, ya Uturuki, kijiti cha gramu 75. Shemeji yangu anakwenda Istanbul kufuata nguo, akaniletea vitatu kwenye begi. Harufu yake ni ya ndimu, kali kidogo ukiwa na kijiti mkononi, lakini ukishasuuza uso haikai. Nikinyoa mara tatu kwa wiki kijiti kimoja kilinichukua miezi mitano na ushee. Sababu ya kuchagua kijiti ni kwamba kinakuondolea kosa kubwa la wanaoanza, nalo ni kuchukua sabuni kidogo mno. Kwenye kopo unazungusha brashi sekunde tano unadhani imetosha, kumbe bado. Kijiti ukikipitisha uso mzima kwa kuikabili ndevu inavyoota, ndevu zenyewe zinakikwangua, na sabuni ya kutosha inabaki pale inapotakiwa.

Kama kijiti hukipati, nenda na krimu ya tyubu ya kutumia na brashi, siyo povu la kopo la kubonyeza. Krimu ina maji tayari ndani yake, kwa hiyo haina makuu, inaamka haraka hata kwa mkono wa mgeni. Kariakoo zipo za kutoka India kwa bei ya kawaida kabisa. Ukitaka kupanda daraja kidogo, Proraso ya Italia, ya familia ya Martelli iliyoanza kazi Firenze mwaka 1908, ina aina kadhaa kwa rangi. Ile ya kijani ina mikaratusi na mentholi, inapoza uso, na kwa joto la Dar utaipenda. Lakini kwa shingo yenye vipele kama yako nisingeanza nayo. Ubaridi wa mentholi unakuficha usisikie wembe unapoumiza. Chukua nyeupe, ya chai ya kijani na oti, ambayo wameitengeneza kwa ngozi nyepesi.

Zile za mabakuli ya mbao za Uingereza, na Tabac ya Wajerumani iliyopo tangu 1959, ni sabuni nzuri kwelikweli na sitakuzuia. Ila bei yake kubwa unailipia manukato na bakuli. Subiri mpaka mkono wako uweze kutoa povu zuri kwa sabuni ya bei rahisi; hapo utajua unachokilipia.

Wengine watakuambia tumia tu sabuni ya kuogea, au hata ya mche. Nimejaribu ya kuogea. Povu linakuja haraka na kuondoka haraka, na wembe unapita kwenye ngozi kavu. Ya kuogea imetengenezwa kwa sodiamu, inakuwa ngumu na povu lake ni jepesi. Ya kunyolea imechanganywa na potasiamu kwa wingi, inayoifanya iyeyuke upesi, pamoja na asidi ya steariki inayolifanya povu kuwa zito na kudumu, na gliserini ya kushika maji. Ukisoma boksi ukaona maneno potassium na stearic pale mwanzoni mwa orodha, hiyo ni ya kunyolea kweli. Ukikuta inaanza na sodium peke yake, hiyo ni ya kuogea hata kama wamechora mwanaume mwenye mustachi.

Kwenye hilohilo boksi kuna jambo ambalo Waislamu tunapaswa kulijua. Tallowate ni mafuta ya mnyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo, na sabuni nyingi za zamani zinayo, na Arko imekuwa mojawapo. Lardate ni ya nguruwe. Anayetaka kuwa na utulivu kamili atafute yenye alama ya halali au iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mimea. Zipo nyingi siku hizi. Na brashi pia uiangalie: iliyoandikwa boar ni nywele za nguruwe. Chukua ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Ni rahisi, haina utata, inakauka haraka, na kwa unyevu wetu wa pwani kukauka ni jambo kubwa, maana brashi ya nywele isiyokauka inaanza kunuka.

Namna ya kuamsha povu ndiyo sehemu utakayohitaji subira. Oga kwanza au weka taulo la maji ya moto usoni dakika mbili tatu. Ndevu zikinywa maji zinalainika na wembe hauzivuti. Paka kijiti. Brashi ikung'ute ibaki na maji kidogo, anza kuzungusha usoni bila haraka. Mwanzoni litakuwa kavu, linabandika kama gundi. Chovya ncha za brashi kwenye kikombe, matone machache tu, zungusha tena. Rudia. Wengi wanaishia hapa katikati kwa sababu povu linaonekana jingi, jeupe, limefura. Hilo bado. Endelea kuongeza tone kwa tone mpaka lianze kung'aa na kushuka kidogo, liwe zito kama tui la kwanza, vipovu visionekane kwa macho. Lipake kati ya vidole viwili uvisugue: vikiteleza bila kukwama, nyoa. Ukiona vipovu kama vya kufulia, maji yamezidi, ongeza sabuni. Wiki mbili za kwanza fanya mazoezi kwenye kiganja hata siku ambayo hunyoi.

Kuhusu vipele, sabuni ina sehemu yake lakini usiitwishe mzigo wote. Ndevu za kujikunja zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha inageuka na kuchomea ndani, na mwili unaipokea kama mwiba. Mashine za nyembe tatu au tano zinafanya hasa hivyo: wembe wa kwanza unavuta unywele, unaofuata unaukata ukiwa umevutwa, kisha unywele unarudi ndani. Mimi nilitoka vipele miaka sita kwa mashine hizo. Nilipohamia wembe mmoja, povu zito, na kufuata ndevu inavyoota bila kurudi kinyume, shingo ilichukua kama miezi miwili kutulia. Papasa shingo yako kwa vidole kabla ya kupaka sabuni, utaona pale chini ya taya ndevu zinaota kwa pembeni, siyo kushuka. Usitafute kulainika kama mtoto. Nyoa mara moja, acha kivuli kidogo kibaki. Ukimaliza suuza kwa maji baridi, pitisha jiwe la shabu lililolowa, subiri nusu dakika, suuza tena. Shabu ikichoma sana mahali fulani, pale ulikandamiza wembe. Kesho punguza mkono. Lakini kama vipele vyako vimeanza kuwa vinundu vigumu vinavyokua, acha kunyoa kwanza umwone daktari wa ngozi. Usiendelee kupakwa spiriti saluni, utazidisha.

Kitu kimoja cha nyumbani: kijiti usikiache bafuni wazi. Kinayeyuka kwa unyevu, na panya wanapenda sabuni yenye mafuta ya mnyama. Cha kwangu cha pili kililiwa nusu usiku mmoja. Sasa nakiacha kikauke nakifungia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Sasa hiyo sabuni uliyoagiza. Usiigawe bado na usiagize nyingine. Ulivyoeleza, kwamba linainuka kisha linakufa na kuacha utando, ni picha ileile niliyoiona mimi mwaka mzima. Leo jioni fanya jaribio la chupa, kisha kesho nyoa kwa kikombe kimoja cha maji ya dukani ukitumia hiyohiyo. Likisimama, sabuni ya kwanza unayo tayari, na pesa yako nunua pakiti ya nyembe. Lisiposimama, andika hapa viungo vitano vya mwanzo kwenye kopo tuvisome pamoja.