Usisubiri Uchungu Ndipo Uanze Kuuliza Utajifungulia Wapi

Wifi yangu alipopata mimba ya kwanza, kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Mama alimtaka mkunga wa jadi aliyetuzalisha sisi wote, kaka akataja zahanati ya kijiji kwa kuwa ipo karibu. Mwenye mimba hakuna aliyemuuliza.

Mimi nimejifungulia zahanati, nikajifungulia na hospitali, hapa hapa Kigoma. Ukaribu ni jambo jema, ila muhimu zaidi ni kituo kitakusaidiaje mambo yakiharibika. Zahanati inaweza kukuzalisha vizuri kabisa, lakini haifanyi upasuaji wala haiongezi damu. Vituo vya afya ndiyo vinachanganya watu: vingine vina chumba cha upasuaji, vingine havina, na bango la nje linasomeka vilevile. Kwa hiyo siku ya kliniki muulize nesi waziwazi: hapa mnapasua? Damu ya akiba ipo? Usiku anabaki nani? Akikufokea kwa kuuliza, basi hilo nalo ni jibu.

Kama ni mimba ya kwanza, au ya tano na kuendelea, kama una mapacha, presha, kovu la upasuaji, au uliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mimi nisingekushauri zahanati hata ingekuwa uani kwako. Nenda penye upasuaji: hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni, au kituo cha afya chenye huduma hiyo.

Halafu kuna njia. Anayeishi Kalya au Buhingu anategemea boti, na Ziwa Tanganyika likichafuka usiku, nani atakubali kutoka? Huyo asogee mapema kwa ndugu aliye jirani na hospitali, wiki mbili tatu kabla ya tarehe. Kwa dharura kuna m-mama, usafiri wa kuwawahisha wajawazito hospitali, unapiga 115 bila malipo, ila usiufanye ndiyo mpango wako wote.

Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali kisera ni bure, lakini uliza mapema vifaa gani utatakiwa kubeba, wasije wakakutajia glavu na mpira wa kulalia ukiwa tayari kitandani.

Mama mkwe na mume waende nawe kliniki japo mara moja, wayasikie kwa nesi mwenyewe, maana siku hiyo pesa na simu watashika wao. Namba ya bodaboda unayemwamini iandike kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Simu huzima chaji.