Lifetime ISA ya Uingereza na nyumba ya urithi Mombasa

Ndugu, unauliza kama unaweza kutumia Lifetime ISA, yaani akaunti ya akiba ya Uingereza ambayo serikali huongezea pesa kwa ajili ya nyumba ya kwanza au uzeeni, ilhali umerithi nyumba Mombasa. Hapana, kwa kununulia nyumba hustahili, hata kama ile ya Mombasa ni fungu lako tu la urithi. Sharti ni uwe hujawahi kumiliki nyumba popote duniani, si Uingereza peke yake. Mimi nilipokuwa nanunua, wakili alinipa tamko la kusaini lenye maneno hayo hayo.

Mkeo, kama hajawahi kumiliki, afungue ya kwake kabla hajafika miaka 40. Ila wewe usiweke kwa kubahatisha: pauni 1,000 huongezwa 250, lakini ukizitoa kabla ya miaka 60 wanakata asilimia 25 ya zote, unarudi na 937.50. Hapo umekula hasara ya pesa zako mwenyewe.