Maswali ya Wasomaji: Kijana wangu kawekwa sekisheni, namtoaje?

Safari hii barua karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa mlango tofauti, nani ana sauti juu ya mgonjwa wa akili huku Uingereza, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa asiyejua, sekisheni ni kipengele cha sheria, na mtu "kuwekwa sekisheni" ni kulazwa hospitali ya akili kwa lazima. Mi nilifanya unesi wodi za akili miaka mingi kabla ya kustaafu ila sio wakili, karatasi yoyote yenye tarehe mpelekee wakili siku hiyohiyo usisubiri gazeti.

Habari dada. Mwanangu ana miaka 23, tunakaa Leicester mimi na yeye na mdogo wake. Alianza kutolala, afu akawa anasema majirani wanamrekodi kupitia ukutani, mwisho polisi wakamchukua kituo cha basi usiku hana viatu. Sasa yuko hospitali wanasema ni sekisheni 2. Nilienda na hotpoti la pilau, nesi akachukua chaja ya simu, akachomoa na kamba ya sweta lake la kofia, nililia kama nimefiwa, kwani kaua mtu? Baba yake yuko Morogoro. Shemeji yangu yuko Luton anasema yeye ndo msemaji wa familia na ameshapiga simu wodini kwamba anamtoa apelekwe nyumbani akaombewe. Je inawezekana? Na bili itakuja ya kiasi gani? – Mama wawili, Leicester

Pole sana dada yangu. Nianze na ile kamba maana naona ndo iliyokuumiza. Hakuna aliyemuona mwanao mhalifu, kamba na waya vinachukuliwa kwa kila anayeingia, wazungu kwa weusi, kwa sababu mtu akizidiwa usiku chochote kirefu kinaweza kumuua. Na usishtuke akikwambia kuna mtu anamchungulia usiku na tochi kila robo saa, hiyo ilikuwa kazi yangu mimi, unasogea kitandani unaangalia kifua kinapanda kinashuka, unaandika saa, unatoka. Kuna mama mmoja aliniambia mnamtesa mwanangu hamumwachi alale, nikamwambia mama namhesabia pumzi.

Sasa sheria. Inayotawala England na Wales ni Mental Health Act ya 1983. Polisi wakimkuta mtu nje amezidiwa wanampeleka sehemu salama chini ya sekisheni 136, hapo wanaweza kumkalisha masaa 24, na daktari anaweza kuongeza 12 ikibidi. Ndani ya muda huo wanakuja madaktari wawili, angalau mmoja awe na kibali maalumu cha mambo ya akili, pamoja na mtu wa tatu ambaye mara nyingi ni sosho weka aliyesomea sheria hii, wodini tunamwita "ampu". Watu wetu wanabembeleza madaktari tu huyu wanampita kama karani, wakati madaktari wanapendekeza tu na yeye ndo anayesaini maombi ya kumlaza. Sekisheni 2 ni ya kumchunguza, mwisho siku 28 na haiongezwi. Zikiisha ama anatoka, ama anabaki kwa hiari yake, ama wanamwekea sekisheni 3 ya matibabu, hiyo ni hadi miezi 6 na inaongezeka.

Tuje kwa shemeji. Najua kwetu baba mdogo ni baba, ila sheria ya Uingereza haijui msemaji wa familia. Inayo orodha yake ya ndugu wa karibu: mume au mke, afu watoto, afu wazazi, afu kaka na dada, babu na bibi, wajukuu, ndo unafika kwa wajomba na shangazi na baba wadogo. Wazazi wakiwa wawili mkubwa kiumri anatangulia, lakini baba mtu haishi Uingereza kwa hiyo hahesabiwi, na juu ya hapo wewe ndo unakaa naye. Kama hana mke wala mtoto basi ndugu wa karibu kisheria ni WEWE dada. Piga simu wodini leo, uliza wameandika jina la nani kwenye faili, kama wameandika la shemeji kwa vile alipiga simu wa kwanza na sauti nzito, waambie warekebishe. Ukitaka unaweza kumkabidhi yeye kazi hiyo kwa maandishi, lakini hiyo ni hiari yako wewe sio yake.

Kumtoa unaweza kujaribu. Ndugu wa karibu anaandika barua kwa wasimamizi wa hospitali kwamba anataka mgonjwa aruhusiwe, wanapewa masaa 72. Ila daktari wake anaweza kuzuia akiandika kwamba akitoka kuna uwezekano wa kuhatarisha maisha yake au ya wengine, na akishazuia wewe huwezi kutumia njia hiyo tena kwa miezi 6. Kijana ambaye juzi tu alikuwa peku barabarani usiku, daktari atazuia, sina shaka, kwa hiyo usiichome hiyo karata kwa sababu shemeji ana haraka.

Njia iliyo bora ni rufaa yake mwenyewe. Ana siku 14 za mwanzo za sekisheni 2 kuomba baraza la rufaa, hesabu tangu siku aliyolazwa, na kesi inasikilizwa haraka, ndani ya siku chache baada ya maombi. Wanakaa watatu, jaji, daktari asiyehusika na wodi, na mtu mwingine mwenye uzoefu. Wakili ni bure, hawaulizi mshahara wala akiba. Pia ana haki ya mtetezi huru, huyo haajiriwi na wodi, nesi anatakiwa kumweleza haki zote hizi kwa mdomo na kwa karatasi. Kama kiingereza kinampiga chenga akiwa anaumwa (inatokea sana, mtu aliyekulia hukuhuku anarudi kwenye kiswahili) ombeni mkalimani, hospitali ndo inamlipa, na tafadhali usimtumie yule mdogo wake kutafsiri maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kuhusu kaka yake.

Wakianza kuongelea sekisheni 3 hapo una nguvu zaidi, ampu lazima azungumze na wewe kwanza, na ukisema napinga hawezi kuendelea mpaka aende mahakama kukuondoa kwenye nafasi hiyo. Sio lazima upinge. Lakini wajue upo.

Kingine, manesi watakwambia hatuwezi kukupa habari zake ni siri ya mgonjwa, sawa, wao hawawezi kusema lakini wanaweza kusikiliza, kwa hiyo wewe sema. Waambie alikuwaje kabla, analala vipi, amewahi kutumia dawa gani, nani kwenye ukoo alishawahi kuumwa hivi. Waambie akisali anasali kwa sauti akitembeatembea, kama ndivyo alivyo siku zote, maana mimi nimeshaona mtu anaandikiwa kwenye faili "anaongea peke yake" kumbe yuko kwenye rozari. Takwimu za England kila mwaka zinaonyesha watu weusi wanalazwa kwa lazima zaidi ya mara 3 ya wazungu, na sehemu ya tatizo ni faili kama hilo.

Maombi yapo, hospitali ina wachungaji na maimamu wake na wa kwenu pia anaweza kuja muda wa kutembelea. Kumpandisha ndege haiwezekani akiwa sekisheni, hata kutoka getini ni kwa ruhusa ya maandishi ya daktari, akitoroka polisi wanamrudisha. Bili hakuna, matibabu haya ni NHS, huduma ya afya ya serikali. Na kama ataishia sekisheni 3, akitoka huduma za kumfuatilia ambazo anazihitaji kwa ugonjwa huo ni bure chini ya sekisheni 117, wakati mwingine mpaka makazi yenye uangalizi, sekisheni 2 haina hiyo. Wengi hawaambiwi.

Dada za saa hizi. Nipo kwenye visa ya kulea wazee, pwani ya kusini huku. Tangu bibi niliyekuwa namlea afariki mikononi mwangu silali, nikisikia alamu ya kitandani mwili mzima unatetemeka hata nikiwa nyumbani. Naogopa kwenda GP (daktari wa mtaani) maana wataandika nina matatizo ya akili afu sponsa, yaani mwajiri aliyenidhamini visa, ajue nirudishwe. – Nimechoka

Mdogo wangu, GP haripoti kwa mwajiri wako, ni siri na akiivunja kibali chake kiko hatarini. Kujiandikisha kwa GP hawatakiwi hata kukudai karatasi za visa. Na kama uko England huhitaji kupitia kwa GP, kuna huduma ya NHS Talking Therapies (tiba ya maongezi) unajaza fomu mwenyewe mtandaoni au unapiga simu, bure, unaweza kuomba mkalimani, foleni inategemea na eneo, sehemu nyingine unasubiri mpaka unachoka, jaza leo.

Kazini, siku 7 za kwanza za kuumwa unajiandikia mwenyewe, kuanzia hapo ndo wanataka karatasi ya GP. Wengi wanakimbilia kuchukua likizo bila malipo wakidhani ndo usalama, kumbe hiyo ndo yenye kesi, ikizidi wiki 4 kwa mwaka bila sababu inayokubalika sponsa anaweza kutakiwa kukuondoa, wakati kuumwa ni moja ya sababu zinazokubalika. Yaani mtu anaficha ugonjwa kulinda visa, na kule kuficha ndo kunakomuweka pabaya. Kama umefika hatua ya kufikiria kujidhuru, piga 111 chagua namba 2 usiku au mchana, au Samaritans 116 123 ukitaka mtu wa kukusikiliza tu. Na ile alamu, mwambie meneja ukweli nusu ukipenda, kwamba umefiwa na mteja unaomba shifti za upande mwingine wa nyumba, mameneja wengi hilo wanalielewa.

Shikamoo anti. Nina miaka 20, nasoma Coventry. Mwaka jana nililazwa na hospitali wakampigia baba yangu London, mtu ambaye mimi na mama tulimkimbia. Nimesikia sheria imebadilishwa naweza kumchagua mama mdogo badala yake, ni kweli? – Binti

Marahaba mwanangu. Hii imenikera kweli, sio wewe, hiyo sheria. Tulikuwa tunaiona wodini, binti anatetemeka akisikia nani kapigiwa simu na sisi tunaonyesha orodha.

Mabadiliko yapo lakini usiyategemee kesho asubuhi. Theresa May akiwa waziri mkuu ndo aliagiza uchunguzi wa sheria hiyo 2017, mojawapo ya sababu ni idadi ya wanaolazwa kwa lazima kuongezeka na watu weusi kuwa wengi mno humo, ukaongozwa na profesa wa magonjwa ya akili Simon Wessely, ripoti ikatoka Desemba 2018. Afu 2021 serikali ikatoa mapendekezo yake, 2022 rasimu ya muswada, Novemba 2023 hotuba ya mfalme, ile inayotaja miswada ya serikali, ikapita muswada haumo, watu tukakata tamaa, chama cha Labour walipoingia madarakani ndo muswada ukafika House of Lords (bunge la juu) Novemba 2024. Ndani yake kuna hilo la kumteua mtu wako mwenyewe badala ya ile orodha, sekisheni 3 kuanza na miezi 3 badala ya 6, watu wenye otizimu wasishikiliwe kwa sekisheni 3 kwa sababu ya otizimu peke yake, na vituo vya polisi na magereza visitumike tena kama sehemu salama. Ila serikali yenyewe ilisema kuyatekeleza yote itachukua kama miaka 10, madaktari na ampu wa kutosha hawapo, kwa hiyo kila kipengele kina siku yake ya kuanza na ukisikia "imebadilishwa" uliza kipengele gani na kuanzia lini.

Kabla cha kwako hakijaanza, unaweza wewe mwenyewe kuomba mahakama ya kaunti imuondoe baba kwa sababu hafai kuwa kwenye nafasi hiyo, marekebisho ya 2007 ndo yalikupa haki hiyo, wakili wa mambo ya akili atakusaidia. Na leo ukiwa mzima andika karatasi moja, baba asipigiwe na kwa nini, mama mdogo apigiwe, namba yake hii, dawa ipi ilikudhuru, weka sahihi na tarehe, nakala kwa GP, nakala kwa timu yako ya afya ya akili, nyingine abaki nayo mama mdogo. Haiwafungi kama amri ya mahakama ila ampu akiikuta kwenye faili anajua akimpigia baba anakuweka hatarini, na hapo ana sababu ya kisheria ya kutompigia.

Anti mi niko Glasgow, haya yote ya sekisheni 2 na 3 yananihusu? – Baba Neema

Hayakuhusu baba Neema, Scotland mna sheria yenu ya 2003. Kulazwa kwa dharura masaa 72, kwa muda mfupi siku 28, zaidi ya hapo lazima baraza likae liamue. Na wenzenu mlishapata kitambo kile anachokililia binti wa Coventry, unamteua unayemtaka kwa maandishi mbele ya shahidi, na yeye anakubali kwa maandishi. Fomu ni ya kurasa chache, shahidi awe mtu wa taaluma kama daktari, nesi, sosho weka au wakili, msiandikiane mezani jikoni afu mkashangaa imekataliwa.